Vikombe Vitano

Nyuma ya bahasha ya bili ya umeme
nimeandika: kuku mmoja, mdogo.
Nikalikata hilo "mdogo". Nikalirudisha.

Tuko watatu.
Kiangi anaingia zamu saa nne usiku
kusukuma theluji kwenye barabara za Winnipeg,
maana mbingu hazijui Krismasi,
kwa hiyo tule saa kumi, apate kujinyoosha kidogo,
jua likiwa limeshaanza kuaga.
Niwaeli, miaka kumi na minne, hali nyama tangu Septemba.
Hakusema sababu. Aliisukuma tu sahani,
taratibu, kama mtu anayerudisha chenji iliyozidi.

Basi kuku ni wa wawili.
Dukani wanauza bata mzinga mzito kama mtoto wa kubatizwa,
mgumu kwa barafu; akikudondokea, kidole huna.
Nilimpapasa, nikawaachia wenye ukoo.

Maharage ya nazi kwa Niwaeli, nazi ya kopo,
kutoka duka la Wafilipino
ambako iliki niliiomba kwa vidole na kunusa.
Pilau ya viungo vitupu, bila supu ya nyama,
ili wote watatu tuchote sufuria moja.
Kachumbari: nyanya nne zisizo na harufu,
ndimu, pilipili moja tugawane kwa heshima.
Keki ataoka Niwaeli, amekula kiapo.
Ikibaki mbichi katikati, tutasifu kingo.

Sasa mchele.

Hapo kalamu imesimama.
Mkono wangu ulisomea kazi kwa shangazi Nakundwa,
jikoni kwake Same,
kwa bakuli la bati lililobanduka rangi mdomoni.
Bakuli moja watu watano, alisema, na moja la njia,
mguu wa mgeni hautangulizi barua.
Watu thelathini, mkono haukusita.
Chumvi kwa kukisia, maji kwa pingili ya kidole.
Lakini watatu?
Mkono haujui watatu.

Niwaeli kaleta mizani.
"Gramu sabini na tano kila mtu, mama."
Anazidisha kichwani: mia mbili ishirini na tano.
Namimina. Ni viganja viwili vitatu,
mchele wa kuchambua mawe, si wa kupika.
"Inatosha," anasema.

Najua inatosha.
Tangu tuhamie hapa kila kitu kinatosha:
viti vitatu, taulo tatu,
joto la ukutani digrii ishirini,
na huko nje ishirini na nane chini ya sifuri,
baridi nayo, jamani, yatosha.

"Na kesho yake?" namuuliza.
"Kesho yake nini?"

Mwanangu, nimekulelea wapi wewe?
Kesho yake ni kiporo!
Pilau iliyolala ikaamka na akili zaidi,
ukoko ukikwaruzwa kwa kijiko, chai ya rangi, tangawizi,
watu na nguo zao za kulalia,
bila sala ndefu, bila viatu,
bila mtu kuulizwa shuleni anashika namba ngapi.
Siku yenyewe ni ya wasiwasi wa mpishi.
Raha huja tarehe ishirini na sita.
Na baba yako akirudi alfajiri, barafu kwenye kope,
atakula nini? Gramu?

Kacheka. Kasahau kuyaficha meno
na ule waya wake.

Balkoni yetu ya ghorofa ya saba ni friji isiyo na bili.
Nimeshapangua theluji pembeni, pa kuweka sufuria,
na jiwe la kukandamiza mfuniko,
maana kunguru wa hapa nao wanajua kuhesabu siku.

Bahasha sasa inasema:
kuku mmoja, mdogo.
Maharage. Nazi ya kopo.
Kachumbari. Keki (kingo).
Mchele, na hapa mwandiko si wangu,
umeegemea kushoto kama wa baba yake:
vikombe vitano.